Nani Ajaze Ritani ya Rubani?

Kwa miaka mingi rubani wa Marekani alikuwa na sababu moja kubwa ya kumlipa mtaalamu amjazie ritani ya kodi, nayo ilikuwa chakula cha safarini. Shirika lilimlipa posho ya kujikimu kwa kila saa aliyokuwa mbali na kituo chake, lakini kiwango ambacho mamlaka ya mapato, IRS, ilikikubali kwa siku mara nyingi kilikuwa kikubwa zaidi. Tofauti hiyo, pamoja na sare, ada ya chama cha wafanyakazi na vipimo vya afya vya leseni, iliruhusiwa kupunguza kipato kinachotozwa kodi. Hesabu yake ilichosha: leo amelala Denver, kesho Anchorage, keshokutwa Tokyo. Wakajitokeza wataalamu wa kazi hiyo tu. Rubani aliwatumia ratiba zake za mwaka mzima, nao wakamrudishia jumla.

Sheria iliyotiwa saini Desemba 2017 iliifuta nafuu hiyo kwenye kodi ya serikali kuu kuanzia mwaka 2018. Mwanzoni ilisemwa kwamba ingefutwa hadi mwisho wa 2025 tu, na kulikuwa na marubani waliokuwa wakisubiri irudi. Haikurudi. Sheria ya Julai 2025 imeifuta moja kwa moja. Kilichobaki ni mazoea: rubani mpya anaingia shirikani, anasikia kwa wakubwa wake kwamba kodi ya watu wa ndegeni haijazwi na programu, na anaanza kulipa mamia ya dola kila mwaka kwa kazi ambayo sababu yake kuu haipo tena.

Msimamo wangu ni kwamba urubani peke yake hautoshi kukufanya umlipe mtaalamu. Kinachoamua ni mwaka wenyewe ulivyokuwa. Kapteni mwenye mwajiri mmoja, nyumba moja na jimbo moja anaweza kujaza ritani yake jioni moja kwa programu ya kawaida na isiwe na kasoro. Kapteni huyohuyo akihama jimbo, akienda kurushia shirika la Ghuba au akipoteza cheti cha afya, mwaka huo programu itamwachia shimo ambalo hatalijua mpaka barua ya IRS ifike.

Karatasi iliyo mkononi

Anza na fomu ya W-2 ambayo mwajiri anapaswa kukupa kufikia mwisho wa Januari. Kisanduku cha 1 kina mshahara unaotozwa kodi. Kisanduku cha 12 kina herufi ndogondogo zinazowatisha watu bure. D ni fedha ulizoweka kwenye mfuko wa uzeeni wa 401(k) kabla ya kukatwa kodi, AA ni ulizoweka kwenye mfuko huohuo baada ya kukatwa kodi, na L ni posho ya kujikimu isiyotozwa kodi. Mtu akiona dola 8,000 mbele ya herufi L anadhani ni kipato alichosahau kukitaja. Ile ni taarifa tu. Fedha hizo hazimo kwenye kisanduku cha 1, na hakuna mahali pa kuziongeza.

Posho iliyomo kwenye kisanduku cha 1 ni ile ya safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Asili yake ni uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1967 katika kesi ya Correll: chakula cha msafiri hakihesabiwi kuwa gharama ya kazi mpaka safari iwe ndefu kiasi cha kumlazimu alale au apumzike. Ukitoka Atlanta asubuhi, ukaenda Orlando na kurudi kulala kwako, posho ya siku hiyo ni mshahara kama mshahara mwingine. Mwajiri ameshatenganisha hizo mbili kabla ya kuchapa fomu. Programu yoyote, hata ya bei ya chini kabisa, inasoma visanduku hivi bila taabu, na mtaalamu anayekulipisha dola 500 naye anavisoma vilevile.

Visanduku vya 15 hadi 17, vinavyohusu majimbo, ndivyo vya kuvitolea macho. Rubani anafanya kazi juu ya majimbo mengi kwa wiki moja, na kama kila jimbo lingedai sehemu yake, ritani yake ingekuwa na unene wa msahafu. Bunge la Marekani liliziba njia hiyo kwa kifungu ambacho kila rubani angepaswa kukijua kwa namba yake: kifungu cha 40116 cha juzuu ya 49 ya sheria za nchi. Kinasema kwamba mfanyakazi wa shirika la ndege mwenye kazi za kawaida angani katika majimbo mawili au zaidi atatozwa kodi ya mapato ya jimbo analoishi, na ya jimbo ambalo anapata zaidi ya nusu ya ujira wake, basi. Nusu hiyo hupimwa kwa muda wa kuruka uliopangwa ndani ya jimbo husika.

Chukua rubani anayeishi Florida na kituo chake ni uwanja wa JFK, New York. Florida haina kodi ya mshahara. New York inayo, lakini ndege ikishanyanyuka JFK kuelekea Los Angeles, muda wake juu ya New York ni mfupi sana ukilinganisha na safari yote. Nusu haifiki, kwa hiyo New York haina haki ya kumtoza. Mwenzake anayerusha ndege kati ya visiwa vya Hawaii tu hana kinga hiyo, maana saa zake zote zimo ndani ya jimbo moja.

Sasa rubani wa JFK anakaa mbele ya kompyuta. Programu inamuuliza: je, ulipata kipato katika jimbo lingine? Ni mtu mkweli. Anajua amefanya kazi New York, California, Texas na kwingineko, na kituo chake ni New York. Anabonyeza ndiyo. Programu, kwa utiifu wote, inamfungulia ritani ya mtu asiye mkazi wa New York na kuanza kumgawia mshahara. Jibu sahihi kwake lilikuwa hapana, lakini swali liliandikwa kwa ajili ya mhandisi au muuguzi anayevuka mpaka kwenda kazini, na hakuna aliyemwambia kwamba sheria yake ni nyingine. Hili ndilo tatizo la programu kwa watu wa ndegeni. Hesabu zake huwa sawa. Swali ndilo haliendani na anayeulizwa.

Mfano mwingine wa namna hiyo umeletwa na sheria ileile ya Julai 2025. Kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028, mfanyakazi anaweza kupunguziwa kipato kwa sababu ya malipo ya saa za ziada, hadi dola 12,500 kwa mtu mmoja, na nafuu inaanza kupungua kipato kikivuka dola 150,000. Rubani aliyekubali safari siku yake ya mapumziko na kulipwa mara moja na nusu ataona swali la saa za ziada na kufurahi. Lakini nafuu inahusu malipo yanayolazimishwa na sheria ya taifa ya saa za kazi tu, na wafanyakazi wa mashirika ya ndege wanaoongozwa na sheria ya kazi ya reli na ndege hawamo katika sehemu hiyo ya saa za ziada. Malipo yake yametokana na mkataba wa chama. Akibonyeza ndiyo, atarudishiwa fedha zisizo zake, na siku moja atazitapika pamoja na riba.

Mtu anayeyajua mambo haya mawili hahitaji kumlipa yeyote kwa ajili yake. Ndiyo maana nimeyaeleza kwa urefu.

Hesabu ya California

Kuna majimbo ambayo hayakufuata sheria ya 2017, na bado yanaruhusu gharama za kazi ambazo mwajiri hakuzirudisha: California, New York, Pennsylvania, Alabama na mengine machache. Hapo ndipo wanaouza huduma kwa marubani wanaposimamia siku hizi, na hawasemi uongo. Shida ni ukubwa wa faida yenyewe, kwa hiyo tuipige hesabu tuone.

Kapteni kijana asiye na mwenza anaishi San Diego na kipato chake ni dola 150,000. Kwa mwaka amekuwa nje siku 150. Kiwango maalumu cha chakula kwa wafanyakazi wa uchukuzi, tangu Oktoba 2024, ni dola 80 kwa siku ndani ya Marekani bara na 86 nje yake. Kwa wepesi tuchukue 80 kwa siku zote na tusahau kwamba siku ya kuondoka na ya kurudi hupunguzwa. Jumla ni dola 12,000. Shirika limemlipa posho ya 8,000. Inabaki 4,000, na kwa watu ambao saa zao za kazi zinabanwa na sheria za usalama wa uchukuzi, asilimia 80 ya chakula ndiyo huruhusiwa: 3,200. Ongeza ada ya chama 2,500 na sare na vifaa 500. Tumefika 6,200.

California inasema toa kwanza asilimia 2 ya kipato chako, yaani 3,000. Imebaki 3,200. Kiwango chake cha kodi ni asilimia 9.3, kwa hiyo anaokoa karibu dola 298. Na hiyo ni kama tayari ana riba ya mkopo wa nyumba au matoleo ya kanisani au msikitini yanayomwezesha kuorodhesha gharama moja moja. Kama hana, na akaamua kuchukua punguzo la jumla ambalo kila mtu anapewa, faida hiyo yote inayeyuka. Mtaalamu akimlipisha dola 600 kwa kazi hii, kijana amepata hasara na bado anashukuru.

Pennsylvania ni tofauti kidogo. Haina kizuizi cha asilimia 2, lakini inataka gharama halisi zilizolipwa, zenye risiti, na kodi yake ni asilimia 3.07. Gharama ya dola 3,000 inaokoa dola 92. Programu nzuri inayo fomu ya jimbo hilo. Kazi ngumu ni kutunza risiti, na hiyo hakuna atakayekufanyia.

Chumba cha kulala unachopanga na wenzako karibu na uwanja wa kituo chako, huku familia ikiishi mji mwingine, hakijawahi kukubalika hata zamani. Kwa macho ya IRS makao yako ya kazi ni kituo chako, na kuishi mbali nacho ni hiari yako. Mtaalamu akikuahidi kukipitisha chumba hicho, una sababu ya kutosha ya kumwogopa.

Miaka ya kumtafuta mtu

Mwaka wa kwanza wa kumlipa mtaalamu bila kusita ni ule unaohamia shirika la nje. Emirates na Qatar Airways zimewahi kuajiri marubani wa Kimarekani, na nchi zile hazitozi kodi ya mshahara. Marekani, hata hivyo, inamtoza raia wake na mwenye kadi ya kijani popote alipo. Nafuu ipo: kwa mwaka 2025 mtu anaweza kuondoa hadi dola 130,000 za ujira alioupata ugenini, akitimiza sharti la makao ya kazi, pamoja na lile la ukaazi au la siku 330 kamili ndani ya nchi za kigeni katika miezi 12. Rubani anasoma hivyo, anaona mshahara wake ni dola 120,000, anaingiza tarakimu kwenye programu, na programu inamwambia kodi ni sifuri.

Neno linalomponyoka ni ugenini. Kwa sheria hii, ujira wa ugenini ni ule uliopatikana ndani ya nchi ya kigeni, ikiwemo anga yake. Bahari kuu si nchi ya mtu. Anga ya Marekani nayo si ugenini. Safari ya Dubai kwenda New York ina saa kadhaa juu ya Atlantiki na nyingine ndani ya anga ya Marekani yenyewe, na ujira wa saa hizo haustahili nafuu. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Washington ilikubaliana na IRS dhidi ya mhudumu wa ndege aliyekuwa akiishi Hong Kong na kutaka kuondoa mshahara wake wote: saa zilizotumika juu ya maji ya kimataifa na ndani ya Marekani zilitozwa kodi.

Tuseme saa za namna hiyo ni asilimia 20 ya kazi yote ya rubani wetu. Dola 24,000 hazina nafuu. Akiwa hana mwenza, anatoa punguzo la jumla la 15,750 na kubaki na 8,250. Fedha hizo hazianzi ngazi ya chini ya kodi. Sheria inazipandisha juu ya zile 96,000 zilizoondolewa, kwa hiyo zinatozwa asilimia 22 na kipande chake asilimia 24. Deni ni zaidi kidogo ya dola 1,800 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka mitatu, ongeza riba, kisha adhabu ya asilimia 20 ya kodi iliyopungua. Mtaalamu anayejua kazi hii atakuomba ratiba zako zote na kugawa saa safari kwa safari. Programu haikuombi ratiba.

Mwaka mwingine ni wa kupoteza cheti cha afya. Rubani mwenye moyo uliopimwa ukakutwa na hitilafu haruki, na anaishi kwa malipo ya bima ya ulemavu. Je, malipo hayo yanatozwa kodi? Inategemea nani alilipa michango ya bima na kwa fedha zipi. Ukilipa mwenyewe kwa fedha zilizokwisha kukatwa kodi, malipo yake hayatozwi. Mwajiri akilipa, au ukilipa kabla ya kodi, yanatozwa. Mipango mingi ina vyote viwili, na mgawanyo unapaswa kuonekana kwenye karatasi za bima. Mtu aliyetoka kuambiwa kwamba huenda hataruka tena hapaswi kuhangaika peke yake na jambo hili usiku kwenye kompyuta. Kama fedha inaruhusu, na amlipe mtu.

Mkufunzi wa urubani ni habari nyingine, na naona ndiye anayedhulumiwa zaidi na ushauri wa vijiweni. Ili apate leseni ya juu ya kurusha ndege za abiria, kijana anahitaji saa 1,500 kwa kawaida, na wengi huzipata kwa kufundisha. Shule nyingi hazimwajiri. Zinamlipa kama mtu aliyejiajiri na kumpa fomu ya 1099. Huyu ndiye ambaye gharama zake bado zinakubalika: vipokea sauti, ramani za kielektroniki, bima, ada ya kuhuisha cheti cha ukufunzi. Zinaingia kwenye Jedwali C, la biashara. Pia analipa mwenyewe kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 juu ya faida, na anapaswa kulipa kwa awamu nne, katikati ya Aprili, Juni, Septemba na Januari. Mwaka wa kwanza kijana hajui awamu hizo, na Aprili inamkuta na deni asiloweza kulilipa. Saa moja na mhasibu mwanzoni mwa mwaka, kabla hajapokea dola ya kwanza, ingemsaidia kuliko ritani nzima ya kujaziwa mwishoni. Mwaka wa pili atajaza mwenyewe. Ada alizolipa ili awe rubani, hata hivyo, haziingii humo, kwa kuwa gharama ya kusomea kazi mpya hairuhusiwi.

Kwa anayerusha ndege za Jeshi la Akiba huku akiwa na kazi ya shirika: safari zako za kwenda kambini zilizo zaidi ya maili 100 kutoka nyumbani bado zinapunguza kipato kwenye kodi ya serikali kuu. Kuondolewa kwa gharama za wafanyakazi hakukugusa kifungu hicho.

Halafu kuna sisi tuliozaliwa Kisumu, Tanga au Bukavu, tukawa raia au wakazi wa Marekani, na bado tuna mguu nyumbani. Programu nyingi huuliza swali moja fupi kuhusu akaunti za nje, na watu hubonyeza hapana bila kufikiri. Akaunti ya pamoja na mama, uliyoifungua ili umtumie fedha za dawa, ni akaunti yako. Akaunti ya kikundi ambayo wewe ni mmoja wa watia saini inahesabiwa, hata kama hakuna senti yako ndani. Jumla ya akaunti hizo zote ikivuka dola 10,000 hata kwa siku moja ya mwaka, unapaswa kutoa ripoti ya FBAR. Ripoti hiyo haiendi pamoja na ritani. Inapelekwa peke yake kwa idara ya Hazina inayofuatilia fedha, na ndiyo maana mtu anaweza kumaliza ritani, akaona tiki ya kijani, na akawa amekosa. Kwa aliyekosa bila kukusudia, sheria inataja adhabu ya hadi dola 10,000, ambayo hupandishwa kufuatana na mfumuko wa bei. Mwaka 2023, katika kesi ya Bittner, Mahakama ya Juu iliamua kwamba adhabu hiyo ni kwa kila ripoti iliyokosekana, si kwa kila akaunti. Ni nafuu kubwa, lakini bado ni fedha ya kujengea chumba.

Nyumba ya kupangisha nyumbani inaongeza mzigo. Kodi ya pango unayopokea Nairobi au Arusha ni kipato chako Marekani pia, na kodi ya mapato uliyolipa kwa mamlaka za huko, KRA au TRA, huombewa nafuu kwa Fomu 1116, ingawa Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Uchakavu wa nyumba iliyo nje hauhesabiwi kwa miaka 27.5 kama wa nyumba ya Marekani. Kwa nyumba iliyoanza kupangishwa baada ya 2017, ni miaka 30. Usipoiambia programu kwamba nyumba iko nje, itatumia 27.5 na kuendelea kukosea kila mwaka kwa usahihi mkubwa. Kama hujawahi kutaja vitu hivi hata siku moja, usiuweke sawa mwaka huu peke yake kimyakimya. Mtafute mtu, na umwambie yote siku ya kwanza.

Huyo mtu ni nani

Nchini Marekani karibu yeyote anaweza kujaza ritani za watu kwa malipo. Anachohitaji ni namba ya PTIN, ambayo hupatikana kwa kuiomba IRS. IRS ilijaribu kuweka mitihani kwa wajazaji wote, na Februari 2014 mahakama ya rufaa ikasema haina mamlaka hayo. Kwa hiyo bango la ofisi halikuambii kitu. Wenye mizizi ni watatu: wakili, mhasibu mwenye leseni ya CPA, na wakala aliyepasishwa na IRS yenyewe, ambaye huitwa EA. Hao wanaweza kukusimamia mbele ya IRS katika jambo lolote. Kwa rubani, EA aliyekwisha kushughulikia watu wa ndegeni mara nyingi anatosha, na bei yake huwa chini ya ya CPA.

Kabla ya kumpa karatasi, mwulize kuhusu kifungu cha 40116. Kama unarushia shirika la nje, mwulize atagawaje saa za juu ya bahari. Akisema hakuna haja ya kugawa, mshukuru na uondoke. Na akikuahidi kukurudishia posho ya kujikimu kwenye kodi ya serikali kuu, ondoka bila kushukuru. Anachokusudia pengine ni kukuandikia Jedwali C la biashara usiyo nayo na kumwaga humo sare, simu na chakula. Kujaza hivyo ni kusema uongo, na jina lililo chini ni lako. Anayelipisha asilimia ya fedha utakazorudishiwa, au anayekataa kutia saini yake na PTIN kwenye ritani aliyoijaza, hafai hata kusikilizwa. Sheria inamtaka kila mjazaji wa kulipwa atie saini.

Kwa upande wa ulinzi, programu na mtaalamu hawalingani, na hili halisemwi vya kutosha. Mwaka 2000 Mahakama ya Kodi ilimkatalia mlipakodi aliyeilaumu programu: ubora wa programu unategemea taarifa ulizoingiza. Dhamana zinazotangazwa na kampuni za programu kwa kawaida hufidia kosa la hesabu, na makosa ya marubani si ya hesabu. Mtaalamu mwenye sifa, ukimpa ukweli wote na akakushauri vibaya kuhusu sheria, anaweza kukuokoa na adhabu ya asilimia 20, ingawa kodi yenyewe na riba utalipa. Kinga hiyo haihusu tarehe. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1985 katika kesi ya Boyle, kusema kwamba nilimwachia mtu aipeleke, naye akachelewa, si udhuru.

Kuhusu bei ya programu, usiamini neno bure mpaka ufike mwisho. Mwaka 2022 Intuit, wenye TurboTax, walikubali kulipa dola milioni 141 kumaliza madai ya majimbo kuhusu matangazo ya bure. Mfumo wa serikali wa kujaza moja kwa moja, Direct File, ulianza 2024 kwa majimbo 12, ukapanuka hadi 25 mwaka uliofuata, kisha ukaondolewa kwa msimu wa 2026. Kwa rubani wa shirika kubwa, kipato chake humtoa kwenye huduma nyingi za bure, basi na alipe bei ya programu bila kinyongo. Asilipe tu kile kifurushi cha juu kwa sababu skrini imemwambia kazi yake ni ya pekee.

Kama umesoma mpaka hapa na umegundua kwamba uliwahi kulipa kodi kwa jimbo ambalo kifungu cha 40116 kilikukinga nalo, bado kuna nafasi. Kwenye kodi ya serikali kuu muda wa kawaida wa kudai kurudishiwa ni miaka mitatu tangu ulipowasilisha ritani, kwa Fomu 1040-X. Majimbo yana tarehe zake, na mengi yatakutaka uthibitisho wa makazi na wa saa za kuruka. Toa ratiba za mwaka huo kwenye tovuti ya shirika kabla hazijafutwa, tafuta mkataba wa nyumba, leseni ya gari na kadi ya mpiga kura vya jimbo unaloishi. Kisha angalia kama marekebisho hayo yanagusa ritani nyingine. Kodi ya jimbo iliyorudishwa inaweza kuwa kipato mwaka unaoipokea, ikiwa uliwahi kuitumia kupunguza kodi ya serikali kuu. Kwa kazi hiyo ya kurudi nyuma, mimi ningemlipa EA.